Barua ya Kufunga Muhula wa Pili: Wazazi wa Gredi ya 5

Wazazi na walezi wapendwa,

Nawasalimu nyote. Naanza na jambo lililonifurahisha kuliko yote muhula huu.

Mwaka jana, watoto wenu wakiwa Gredi ya 4, tuliwapeleka Kisumu kwenye Hifadhi ya Swala Pala, kando ya Ziwa Victoria. Muhula huu tumewarudisha palepale. Baadhi yenu mliniuliza kwa nini mlipe tena kuona simba yuleyule. Fungueni madaftari mwone. Kila mtoto alibeba michoro yake ya mwaka jana, na mwalimu wa Sayansi na Teknolojia akawaagiza waandike kilichobadilika tu.

Msichana mmoja aliyemchora simba dume mwaka jana aligundua kwamba manyoya ya shingoni yamerefuka hadi kifuani na kukoza rangi. Mwingine alitazama gogo kwenye kizimba cha chui. Katika mchoro wake lina gome. Sasa limebaki jeupe, limejaa mikwaruzo ya kucha. Kisha wakafika kwa swala. Wale wadogo waliowachora bila pembe, wengine sasa wana pembe fupi zilizonyooka na wamejitenga na mama zao. Watoto walibishana mpaka mwalimu akawaeleza: majike hawaoti pembe kamwe, na dume mwenye eneo huwafukuza madume wanaokua, nao wakaunda kundi lao. Nimefundisha miaka mingi, na sijaona watoto wakisimama mbele ya wavu nusu saa nzima bila kusukumana. Nzohe, yule swala wa majimajini, alijificha kwenye mafunjo, kama mwaka jana.

Vyoo vya wavulana vimekamilika. Ripoti za tathmini mtapewa leo.

Sasa lililoniuma. Niliwaandikia barua mbili kwamba chupa na mifuko ya plastiki ya kutupwa imepigwa marufuku katika hifadhi zote za wanyama nchini tangu Juni 5, 2020. Hata hivyo langoni tulitoa chupa za soda kwenye mikoba, na pakiti moja ya krispi ilipenya ikaishia ndani ya kizimba cha tumbili. Tumbili aliirarua na kuanza kuitafuna mbele ya darasa zima. Mhudumu alilazimika kuingia kuichukua, nasi tukasimama pale kwa aibu. Mtoto nimemwadhibu kwa kumpa kazi ya kuokota taka uwanjani. Lakini hizo soda na krispi hazikununuliwa na watoto. Na mzazi aliyekuja ofisini kuniambia "huyo ni mtoto tu, Mwalimu", namwomba aisome barua hii mara ya pili.

La mwisho ni mpunga. Najua ndege wanavyomaliza shamba hapa Ahero, na najua mpunga ndio karo ya ndugu zao wa sekondari. Lakini mtoto anayefukuza ndege wiki mbili mfululizo hana alichoandika darasani. Waliobakizwa mashambani siku ya ziara ya mwaka jana walikwenda safari hii bila mchoro wowote wa kulinganisha. Walizunguka wakichungulia madaftari ya wenzao. Muhula ujao, mtoto akikosa siku tatu bila taarifa, mzazi ataitwa, naye aje mwenyewe, asimtume shangazi.

Madaftari ya ziara yanakuja nyumbani leo. Tafadhali msiyawashie jiko. Tutayahitaji mwakani.

Wenu,
Mwalimu Mkuu