Kwenu vijana mnaotaka kuanzisha shirika la kuhudumia maskini

Wanangu, amani kwenu. Mpango wenu nimeusikia na nimefurahi, ila naona mmeshafika kwenye rangi ya kanzu, nembo, na nani aitwe mwanzilishi, wakati maskini mwenyewe bado hamjampata hata mmoja, ndo nikaona mzee wenu niandike.

Someni habari za Jeanne Jugan wa Ufaransa. Mtoto wa mvuvi aliyepotelea baharini, kazi za ndani kazifanya miaka na miaka. Mwaka 1839, baridi kali, pale Saint-Servan akamchukua mjane mmoja kipofu aliyepooza, Anne Chauvin, akampandisha ngazi mpaka kwenye chumba alichopanga na wenzake, akampa kitanda chake, yeye akaenda kulala darini. Katiba hakuna, jina hakuna. Akaja bibi mwingine, na mwingine, nyumba ikajaa wakahama, na chakula cha wote hao alikuwa anakiomba mlango kwa mlango na kikapu mkononi. Hivyo ndo lilivyoanza shirika la Masista Wadogo wa Maskini.

Sasa hii sehemu wengi wanairuka. Desemba 1843 wenzake walimchagua tena awe mkuu, padre aliyekuwa anawasimamia, Auguste Le Pailleur, akatengua uchaguzi akamweka Marie Jamet, binti wa miaka 20 na kitu. Jeanne akarudi kwenye kikapu chake. Mwaka 1852 hata kuombaomba mlangoni akakatazwa, akawekwa pembeni miaka 27 mpaka anafariki 1879, na manovisi, wasichana wanaojiandaa kuwa masista, anaoishi nao hawajui kama ndiye aliyeanzisha, maana padre alishajitangaza mwanzilishi yeye! Roma ilikuja kumwondoa padre huyo 1890. Jeanne akatangazwa mtakatifu 2009.

Mimi sisemi alivyofanyiwa ni sawa, ule ulikuwa uonevu, na mtu asije akawaambia kunyamazia kila kitu ndo utii. Kwa hiyo mapema kabisa andikeni nani anachagua kiongozi, anakaa muda gani, pesa anashika nani, na padre mlezi wenu, hata awe mtakatifu namna gani, asishike pesa wala kuingilia kura. Hapo msioneane aibu.

Halafu msikimbilie kujiita masista. Tangu 2020 Papa Fransisko alibadili kanuni ya 579 ya sheria za Kanisa, askofu hawezi kusimika shirika la kitawa jimboni kwake bila kibali cha maandishi kutoka Roma, kwa hiyo anzeni kama chama cha waamini, nadhiri za shirika na kanzu vitasubiri na wala havitaoza.

Wiki hii mwoneni paroko, mwulizeni ni wazee gani wanaishi peke yao hawana wa kuwafulia, mchague mmoja tu, mgawane zamu, na zamu ya usiku msimsukumie aliye mpole kuliko wote.