Risala ya bodi ya shule kwa mgeni rasmi, mahafali ya kidato cha nne, Makambako

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wetu wa bodi, Mkuu wa Shule, walimu, wahitimu wetu wa kidato cha nne, wazazi wenzangu mlioacha mashamba na meza za sokoni mkaja, itifaki imezingatiwa. Kamwene!

Miaka yote risala ya bodi anaandikaga mwalimu wa Kiswahili, mwaka huu mwenyekiti akasema aandike mjumbe ambae sio mwalimu, ili mgeni asikie na ya mtaani. Kazi hiyo nikapewa mimi. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa hapa Makambako, nauza saruji, nondo, mabati, misumari, rangi, na huu ni mwaka wangu wa tatu kwenye bodi. Mwanangu wa pili yupo hapa kidato cha tatu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shule hii ni moja ya zile shule za kata zilizojengwa baada ya MMES, mpango wa serikali wa maendeleo ya elimu ya sekondari, kuanza 2004, wakati ule kila kata inataka sekondari yake, na wengi mliokaa hapa mnakumbuka tulivyochoma tofali, kila kaya imepangiwa idadi yake, sisi kina mama tunasomba maji na mchanga alfajiri afu ndio tunakwenda sokoni. Kwa hiyo mtu akiniuliza muuza saruji anatafuta nini kwenye bodi ya shule namwambia mimi niliijenga hii shule kabla sijawa na duka.

Naanza na hela maana ndio kazi ninayoifahamu. Toka elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa sekondari imehesabiwa sh 25,000 kwa mwaka, nusu yake, yaani 12,500, ndio inakuja shuleni na nusu inabaki juu kwa ajili ya vitabu, ukijumlisha fidia ya ada ya kutwa sh 20,000 unapata sh 32,500 kwa mtoto mmoja, mwaka mzima. Kwa bei za dukani kwangu hiyo hela ni mifuko miwili ya saruji, kupakia na kushusha juu yako. Siku ya kikao changu cha kwanza nilisomewa taarifa ya mapato na matumizi nikakaa kimya, nahesabu tu kwenye daftari, chaki, karatasi za mitihani, umeme, maji, mlinzi, kufuli za madarasa, mpaka nikaelewa kwa nini vioo vikivunjika havirudi. Hali hiyo mfanyabiashara mdogo anaijua. Ni ule mwezi mauzo hayajafika na kodi ya fremu imefika, unakaa unapanga kipi kilipwe leo na kipi kisubiri wiki mbili.

Sasa hapa kuna jambo nimeomba bodi iniruhusu nilisome mbele ya watu. Mwaka wangu wa kwanza tulikua tunamalizia choo cha wasichana, saruji ikaisha fundi yuko juu ya kazi, hela kwenye akaunti haijaingia, nikatoa mifuko 20 dukani kwangu kwa mkopo, bei ile ile niliyonunulia, nikaandika kwenye daftari langu basi, hakuna barua, hakuna profoma, ile karatasi ya bei, ya duka lingine ya kulinganisha. Nia yangu ilikua njema na choo kikaisha, wasichana wanakitumia mpaka leo. Lakini wiki mbili baadae nasikia sokoni watu wanasema yule mama kaingia bodi ili apate pa kuuzia. Niliumia sana. Nilikaa na hilo neno wiki nzima sili vizuri, afu nikaona hawa watu wana haki, wao hawalioni daftari langu, wanachokiona ni gari ya mzigo inatoka duka la mjumbe inaingia geti la shule, na mimi ningekua upande wao ningesema vile vile.

Nikamwandikia mwenyekiti barua nikatangaza maslahi yangu, na bodi ikapitisha, imo kwenye muhtasari, kwamba mjumbe yeyote, awe na duka, awe na lori, awe na mashine ya kusaga au shamba la mahindi, haiuzii shule kitu chochote kwa muda wote ambao ni mjumbe, na ajenda ya bei ikifika anatoka nje ya chumba. Imenigharimu, sifichi. Tulipoanza boma la maabara mzigo wote wa saruji ulikua unapita mbele ya duka langu kuja huku, na ilikua miezi ya mvua, biashara imelala, nimekaa kwenye kiti naangalia lori linapita. Lakini toka hapo nikisimama kwenye mkutano wa wazazi kuulizia risiti hakuna wa kuninyooshea kidole, na hilo kwangu ni kubwa kuliko faida ya ule mzigo.

Badala ya kuuza wakaniweka kamati ya mapokezi ya vifaa, inayokagua mzigo ukifika, na hapo ndipo naona mtu wa biashara anaifaa shule kuliko kwenye kitu kingine chochote. Mwaka jana ililetwa nondo ya lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, ya hiyo maabara, karatasi inasema milimita 12. Mimi nondo nazishika kila siku ya Mungu, nikaiinua moja tu mkono ukakataa, ila mkono sio ushahidi, ukimwambia mtu mkono wangu umekataa atakucheka. Mwalimu wa fizikia akamtuma mwanafunzi maabara ya muda akaleta venia kalipa, kifaa cha kupimia unene. Vijana wa kidato cha tatu wakakaa chini ya mti pale wanapima moja moja, huyu anasoma yule anaandika, zinakuja 10 na pointi. Tukaandika barua ya kukataa mzigo, karatasi ya vipimo vya watoto tukaibana nyuma yake, na siku ya tatu mzigo ukabadilishwa wote. Muuzaji simtaji na wala sijui kama na yeye alikua anajua. Ninachotaka mgeni wetu ujue ni kwamba wale vijana waliopima ndio hawa wamekaa mbele yako leo wamevaa majoho.

Kuna mambo mengi mwalimu hakufundishwa chuoni na sio haki kumlaumu. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28 japo namba yake ndio kubwa, saruji yenye daraja la nguvu 32.5 inafaa plasta na tofali lakini kwenye nguzo na lenta tunataka 42.5, mbao za paini zikipigwa mbichi zikaja kukaukia juu ya paa zinajipinda na bati linaachia, na upepo wa Makambako wote mnaujua. Mkuu wetu wa shule ni mwalimu wa historia, mzuri sana, anasimamia watoto, walimu, mitihani na bado anatakiwa awe injinia na mhasibu. Kamati zikiwa na fundi mmoja na mwenye duka mmoja wanaojua wanachokishika, mzigo huo unapungua nusu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, niseme na la wenzangu wa fremu ndogo maana nikinyamaza hapa sijui watasemewa wapi. Toka 2023 manunuzi ya serikali yamehamia NeST, mfumo wa tenda wa mtandaoni, na kwa upande wa uwazi mimi naunga mkono kabisa, makaratasi ya zamani tunayajua yalivyokua. Ila mtu ana leseni, ana TIN, anatoa risiti ya EFD, kompyuta hana, anamlipa kijana wa steshenari amsajilie, nywila anabaki nayo yule kijana, tenda ya shule ikitoka yeye anakuja kuambiwa imeshafungwa. Na akiipata anakatwa kodi ya zuio asilimia 2, hiyo ni sheria hatugombani nayo, kinachoua ni malipo kuchelewa. Duka dogo likikaa na deni la taasisi miezi minne limekwisha, maana ule mzigo uliotoka ndio mtaji wenyewe. Ndio maana mkiona profoma za shule bei imepanda kuliko ya sokoni msiseme moja kwa moja ni wizi, mara nyingi mwenye duka anajiwekea ya kusubiria. Shule ikilipa mapema inauziwa bei nafuu, hili nawaambia kama muuzaji na nawaambia kama mjumbe.

Chakula cha mchana kipo. Wazazi tulikubaliana wenyewe kwenye mkutano, mahindi debe na maharage kila muhula, asie na mahindi analeta kuni au viazi au anatoa siku ya kazi kwenye shamba la shule, na hakuna mtoto anaerudishwa nyumbani kwa sababu ya mzazi wake. Wapo wasiochangia kabisa na wengine ni wafanyabiashara wenzangu, uwezo wanao, na leo wapo hapa, ndugu zangu nawaomba jamani, mtoto aliekaa na njaa mpaka saa 9 hesabu haiingii.

Na nidhamu kwa mwaka huu imekua nzuri, mkuu wa shule ataieleza kwenye taarifa yake.

Kitu kingine tulichokianzisha, na mimi ndicho kinanipa furaha, ni Jumamosi za dukani. Mtaala mpya umeanza Januari 2024 na watoto wanasoma Elimu ya Biashara, tukasema wasiishie kwenye daftari. Wanakuja wanne wanne, kwangu, kwa fundi cherehani, kwa mama wa mgahawa stendi, kwa fundi wa pikipiki, wanakaa asubuhi mpaka saa 6. Kwangu wanahesabu stoo, wanalinganisha na daftari la mauzo, wanaona hela iliyoko kwenye droo sio faida. Binti mmoja aliniuliza mama ukitoa kodi ya fremu na nauli ya mzigo na mfuko uliopasuka unabaki na nini kwenye saruji moja, nikamwonyesha hesabu yote bila kuficha, akashangaa ni kidogo vile, akasema kumbe ndio maana baba anakua mkali. Baba yake anauza viatu mnadani.

Tunakuja kwenye maombi, Mheshimiwa. Maabara imefika kwenye lenta, bado kenchi za paa, mabati, plasta na meza, wananchi wameshatoa mchanga na mawe na nguvu zao, tunaomba halmashauri itushike mkono tuezeke kabla mvua za mwezi wa 11 hazijachanganya. Tunaomba pia wajumbe wa bodi tupewe mafunzo, hata ya siku mbili, ya kusoma ripoti za fedha na namna NeST inavyofanya kazi, maana tunapewa muhuri wa kuidhinisha vitu ambavyo wengine wetu hatujawahi kuviona kwenye skrini. Na kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa kwa vikundi, 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, tunaomba afisa maendeleo aje azungumze na wahitimu na wazazi wao, kwa wale ambao hawataendelea na kidato cha tano au chuo wajue masharti mapema. Mimi mtaji wangu wa kwanza ulitoka humo, tulikua kikundi cha wanawake watano, tukarejesha mpaka senti ya mwisho.

Wahitimu wetu, mtihani ni mwezi wa 11, bodi nzima iko nyuma yenu, na taa za darasa la kujisomea usiku tumeshabadilisha zote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya chakula tunaomba usiondoke kwanza. Tunaomba upite nyuma ya madarasa ya kidato cha pili uione ile lenta, nondo zilizomo ndani yake ni 12 kweli, na vijana wamekuandalia venia pale na kipande cha nondo kilichobaki, upime mwenyewe.

Naomba kuwasilisha.