Barua kwa Mwanangu: Lori Lililogoma Salgaa

Nakuru

Mwanangu mpendwa,

Hapa nyumbani sote hatujambo, na nyanya yako anakuulizia kila siku. Insha yako ya Kiingereza niliipata pamoja na barua, nikaisoma gereji wakati mafundi wenzangu walipokwenda kula. Unauliza kwa nini mwalimu alikukata alama ulipoandika kwamba lori lililogoma Salgaa "was broken down by the driver", ilhali dereva ndiye aliyepandisha mlima akijua redieta inavuja.

Kuhusu dereva umesema kweli, ila kitenzi hicho hakikubali kutumiwa hivyo. "Break down", inapohusu mashine kuacha kufanya kazi, haina mtendwa: lori lenyewe "broke down", na ukilikuta bado limesimama kando ya barabara, "it has broken down". Ukikipa kitenzi hicho kitu cha kutendwa, maana inageuka kabisa, kwa kuwa "break down the door" ni kubomoa mlango. Basi lawama za dereva zipe sentensi yake, ueleze kwamba aliondoka Nakuru bila kuongeza maji.

Pia umeandika kwamba lori "spoilt". Hapa Kenya tunasema hivyo kutwa kucha kwa sababu kuharibika kwetu kunachukua maziwa, gari na hata mipango ya harusi, lakini Mwingereza neno hilo huliwekea zaidi chakula, au mtoto aliyedekezwa. Na lile gari lenye winchi lililokuja kulivuta, ambalo sisi sote tunaliita "breakdown", yeye huliita "breakdown truck". "Breakdown" peke yake, ikiandikwa kama neno moja, kwake ni tukio la kuharibika.

Nitakaa kidogo kwenye injini, maana hapo hata walimu huteleza. Juzi lilivutwa hapa lori dogo la viazi kutoka Molo. Kijiti cha kupimia oili kilitoka kikavu, na krenki ilikataa kuzunguka hata tulipochomeka bomba refu kwenye mpini wa spana na kulilalia watu wawili. Sisi mafundi tunasema injini imenoki. Ukiandika "the engine knocked", hata hivyo, msomaji wa mbali ataelewa kwamba injini ilikuwa ikitoa mlio wa kugongagonga, na huenda gari liliendelea na safari. Injini iliyoshikana namna ile "has seized up": oili ndiyo inayotenganisha pistoni na kuta za silinda, na ikiisha, chuma husugua chuma, joto hupanda, pistoni hutanuka na kung'ang'ania mahali zilipo. Injini inayozima ghafla gari likiwa mwendoni, labda kwa sababu chujio la dizeli limeziba, "cuts out", na pengine ukisubiri itawaka tena. Yote mawili yanaweza kuingia ndani ya "break down", ila anayejua kilichotokea hana sababu ya kujificha nyuma ya neno pana. Lori lako liliishiwa maji likachemka, kwa hiyo sema "it overheated and broke down", inatosha.

Ile aya ya utingo anayekata matawi na kuyatandaza barabarani nyuma ya lori usiiguse. Sheria inataka zile pembetatu za kuakisi mwanga, ambazo madereva wetu huziita laifseva, lakini matawi ndiyo tunayokutana nayo usiku, na mtu asiyeijua njia ya Eldoret hawezi kuyabuni.

Iandike upya sentensi ya dereva, umwonyeshe mwalimu, kisha unitumie nakala. Pesa za matumizi nitazituma Ijumaa kupitia kwa mwalimu wa bweni.

Ni mimi baba yako.