Usiipige saruji nyumba ya nyanya yako

Kibokoni, Mombasa

Sahibu yangu mpendwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba wewe na watoto hamjambo. Unaniambia fundi amekushauri ubandue lipu yote ya zamani katika nyumba ya marehemu nyanya yako, kisha apige saruji nje na ndani kabla ya masika. Nakusihi, kwa haki ya usuhuba wetu, usimruhusu aanze.

Nimekwenda kuitazama mwenyewe. Ukuta wa upande wa kichochoro, ule uliotiwa saruji miaka iliyopita, umevimba, na ukiugonga kwa kidole unasikia uwazi nyuma ya lipu. Kipande kimoja kimeanguka pamoja na uso wa jiwe, na palipobaki wazi matumbawe yamegeuka unga mweupe wenye chumvi unaomwagika ukiugusa. Ukuta wa uani, ambao haukupata kuguswa ila kwa chokaa, ni mkavu na mzima. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, hivyo hunywa maji ya mvua na unyevu wa ardhini pamoja na chumvi yake. Chokaa huuacha unyevu huo utoke taratibu, lakini saruji huuziba, nayo chumvi ikakosa pa kutokea huganda chini ya lipu na kulimong'onyoa jiwe. Vichwa vya boriti vilivyozikwa katika ukuta wa namna hiyo huoza, na hapo ndipo dari hushuka, halafu watu wakalaumu uzee wa nyumba.

Uzee peke yake hauangushi nyumba. Ngome ya Fort Jesus, unayoiona kila ukija nyumbani, Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliana Giovanni Battista Cairati, kwa matumbawe na chokaa, juu ya mwamba wa matumbawe vilevile. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698, Waingereza wakaifanya jela tangu 1895 hadi 1958, na kuta zake zingalipo, hata UNESCO ikaitia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Ngome nayo haikusimama kwa kuachwa tu: bahari ilikuwa ikiula mwamba wake, ikabidi ujengwe ukuta wa kuyazuia mawimbi.

Nyumba yenu haimo katika orodha yoyote ya dunia, lakini kwangu haina thamani ndogo. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ulipimwa kwa boriti za mikandaa, nazo zina kikomo cha urefu. Zidaka za chumba cha ndani, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo, zimechongwa katika lipu ya chokaa yenyewe, na makali ya nakshi yake bado yanashikika kwa ncha ya kidole. Fundi akiibandua lipu hiyo, zidaka zitakwenda nayo, na sijui ni nani atakayezichonga tena.

Ninaloshauri ni hili. Ile saruji iliyovimba ing'olewe pole pole, ukuta uachwe ukauke, kisha upigwe lipu ya chokaa iliyozimwa kwa maji ikalowekwa vya kutosha, na mwisho upakwe chokaa, si rangi ya mafuta, ambayo huziba kama saruji. Paa litengenezwe kwanza, kwa kuwa maji yanayovuja juu yataiharibu kazi yote ya chini. Kazi hii ni ya muda mrefu na gharama yake si ndogo, sikufichi. Tena Mji wa Kale, ilimo nyumba yenu, ni eneo linalohifadhiwa kisheria, kwa hiyo kabla ya kugusa chochote inapasa kupata ruhusa kupitia ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa, na wataalamu wa hapo wanaweza kutuonyesha mafundi wanaoijua chokaa.

Niandikie barua ya idhini, yenye saini yako na za ndugu zako mliorithi pamoja, nipate kwenda ofisini kwa niaba yenu. Fundi nimemwomba asubiri, naye anataka jibu lako kabla ya Ijumaa.

Wasalaam,
Sahibu yako