DVD za kutoa na za kujumlisha sio kitu kimoja

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee na wenye maduka ya vifaa vya kompyuta pamoja na wenzangu tunaoshuti harusi. Jamani tuache kuwaambia watu DVD tupu zote ni moja, kuna za alama ya kutoa (DVD-R) na za kujumlisha (DVD+R), sio moja na watu wanaumia.

Juzi mama mmoja kapanda basi toka Lushoto mpaka hapa Tanga mjini kunirudishia DVD ya sendoff ya binti yake, kaiviringisha kwenye kipande cha kanga ndani ya mkoba, haina hata mkwaruzo, ananiambia "mwanangu hii CD yako haisemi." Nikaiweka kwenye deki ya ofisini ikapiga, kwenye laptopu ikapiga, yule mama ananiangalia tu. Ikabidi nikaazime deki ya zamani kwa fundi redio wa jirani, ile unaweka inazungukaaa halafu inaandika NO DISC. Kutazama vizuri usoni mwa diski ndo naona DVD+R. Mi siku zote nachoma kwenye DVD-R ila siku ile ziliisha dukani na muuzaji kaniambia chukua tu kaka, tofauti ni kampuni.

Sasa tofauti sio kampuni. Hii ya kutoa waliileta Pioneer wa Japani 1997, hii ya kujumlisha wakaja nayo kina Sony, Philips na HP 2002 baada ya kuvutana, kila upande unataka ya kwake ndo itawale. Kwahiyo deki nyingi zilizotengenezwa kabla ya hapo hazikuwahi kusikia habari ya kujumlisha, maana diski mwanzoni pana kialama kinachoiambia deki mimi ni aina gani na deki ikisoma aina isiyoijua inagoma, hata picha iwe nzuri vipi. Zote mbili zinabeba GB 4.7, bei zinakaribiana, raita za kompyuta, yaani vile vifaa vya kuchomea diski, tokea mwisho wa 2002 zilianza kuchoma zote, ndo maana dukani wanaona hakuna shida. Shida iko sebuleni kwa mteja.

Siisemi vibaya DVD+R, kwa kuhifadhi mafaili ya kompyuta naiona nzuri tu, na zipo raita zinazoweza kubadilisha kile kialama ijitambulishe kama DVD ya filamu ya kiwandani na deki ikakubali. Lakini vijana wangapi wa stoo zetu hizi wanajua hilo? Mbaya zaidi ni anayempa mteja RW, ile ya kufuta na kuandika tena, ile inarudisha mwanga wa leza kidogo sana kuliko R ya kawaida kwahiyo deki za zamani nyingi zinachanganyikiwa kabisa, na mtoto wa nyumbani mwenye kompyuta anaweza akaifuta harusi ya dada yake akaweka muvi.

Ombi langu kwa wenye maduka ni dogo, wekeni boksi mbili, za kutoa peke yake na za kujumlisha peke yake, na mtu akija mwulizeni anataka ya kuangalia kwenye deki au ya kompyuta. Na sisi wa video tumuulize mteja deki yake ni ya lini kabla hatujachoma, tufunge diski vizuri mwisho wa kuchoma (ile "finalize" ya kwenye kompyuta), na tutafute deki moja kuukuu tuiweke ofisini ya kujaribia. Mi nishainunua ile ya fundi.

Yule mama nilimchomea upya mbili, DVD-R, spido ndogo, tukazijaribu zote palepale mpaka alipomwona binti yake anakata keki ndo akanyanyuka kuwahi basi la saa tisa.

Mpiga video za harusi, Tanga