Hotipoti lililorudi limejaa

Kabuhoro, Mwanza
Jumapili jioni

Kwa mwanangu Kabula,

Hujambo mama? Sisi huku wazima. Mguu wa bibi yako umepungua uvimbe, baba yako yuko Ukerewe tangu Jumatano na ile injini ya mtumbwi isiyosikia dawa, na Masanja amevunja kioo cha jirani kwa mpira wa makaratasi. Sijui mpira wa makaratasi unavunjaje kioo, ila umevunja.

Hayo nimeyaandika upesi kwa sababu ninalo jingine. Ile siku ya wazazi nilikuja na hotipoti kubwa, lile la harusi ya shangazi yako. Niliamka saa tisa usiku nikakaanga sato sita, nikapika wali, nikawahi basi la kwanza Nyegezi. Tulipokaa chini ya ule mwembe nikakwambia, "Waite wenzako, chakula kipo." Ukatazama bwenini, ukatazama viatu vyako, ukasema, "Nitakula mwenyewe, mama." Ukala nusu sato. Kutoka Shinyanga hadi Mwanza nililipakata lile hotipoti, bado lina joto mapajani, na konda ananitania ananiuliza sahani ya wali nauza shilingi ngapi.

Sikukuuliza kitu. Wiki iliyofuata ukapiga kwa simu ya matroni, ukasema wenzako wanakuchunia na huna mtu hapo. Nikakujibu, "Wewe umekulia nyumba ya watu kumi na mmoja, upweke umeujulia wapi? Soma." Ukanyamaza. Kisha ukaomba sabuni, dagaa, na kijiko kwa kuwa chako kimepotea, ukaaga.

Kabula, jibu lile lilikuwa baya. Tena limetoka kwa mwalimu wa malezi, mwenye cheti cha unasihi kimetundikwa sebuleni. Mtoto wa mtu mwingine angeniambia maneno yale ningemvutia kiti. Naomba unisamehe, halafu unisikilize, maana simu ya matroni ina foleni nyuma yake na barua haina.

Nilipokuhesabia watu kumi na mmoja nilikuwa nimekosa njia. Wanaochunguza jambo hili hawahesabu vichwa. Wanaangalia umbali uliopo kati ya watu ulio nao na watu uliowahitaji. Baba yako akienda kutupa ndoano peke yake hadi usiku, mwite mpweke uone atakavyocheka. Na mtu anaweza kulala bwenini katikati ya vitanda arobaini, kila usiku akawa mkiwa. Robert Weiss, mwanasosiolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1973 kwamba upweke huja kwa namna mbili: kumkosa mtu mmoja wa karibu sana, na kukosa kundi la kuwa ndani yake. Akasema kimoja hakizibi pengo la kingine. Nadhani wewe vimekupata vyote kwa mpigo. Neema wako amebaki Kirumba, na huko kidato cha tano mmeletwa kutoka kila mkoa, kila mmoja na lafudhi yake.

Halafu nilikuwa na ule ujinga mwingine wa watu wazima, kwamba upweke ni wa wazee na wajane, mtoto atakuwa amenuna tu. Hata wataalamu waliwahi kudhani watoto wadogo hawaujui. Mwaka 1984 Steven Asher, Shelley Hymel na Peter Renshaw waliwauliza wenyewe, watoto 506 wa darasa la tatu hadi la sita huko Marekani. Maswali yalikuwa mepesi: una mtu wa kuongea naye darasani, ni rahisi kwako kupata rafiki mpya? Katikati wakachomeka mengine ya kuwatuliza, kama kupenda kuchora au kucheza. Zaidi ya mtoto mmoja katika kila kumi akaonekana ni mpweke.

Nilipokuwa nasomea unasihi nilitafsiri machache ya maswali yale, nikawapa watoto wangu wa darasa la tano, karatasi bila majina. Nilikuwa na uhakika nani ataandika nini. Yupo mmoja mkimya wa kule nyuma, nikasema huyu ndiye. Kumbe. Karatasi iliyonigonga ilikuwa ya kalamu ya kijani, na kalamu ya kijani darasa zima alikuwa nayo mmoja tu, yule anayeanzisha nyimbo paredi, anayechekesha hadi walimu. Penye "Sina mtu wa kuongea naye" alikuwa ameweka vema, akaipitia tena kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Yule mkimya wangu wa nyuma, yeye alikuwa sawa kabisa. Ana rafiki mmoja wa Igogo na anaona wanatosha.

Na wale wanaosema haya ni magonjwa ya Wazungu, mimi nikiwa mmojawao siku ile ya simu, Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti Juni 2025. Katika nchi za kipato cha chini, asilimia 24 hivi ya watu walisema ni wapweke. Katika nchi tajiri ni asilimia 11 hivi. Kwa umri, vijana wa miaka 13 hadi 29 walikuwa kati ya asilimia 17 na 21, na waliozidi ni hao wa rika lako. Sisi Benki ya Dunia ilitutoa kwenye kundi la kipato cha chini mwaka 2020, usiniulize walitupimaje, lakini sidhani kama upweke wetu ulipewa taarifa.

Sasa nikuambie ninachotaka ukisome mara mbili. Yupo mtafiti aliyeitwa John Cacioppo, wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyefariki mwaka 2018. Miaka mingi aliushughulikia upweke, na akaufananisha na njaa au kiu: mwili unakukumbusha kwamba kuna kitu hujapata. Hapo sioni cha kuonea aibu. Tumbo likinguruma humwombi mtu radhi. Ila njaa hii ina hila ambayo njaa ya ugali haina. Mwenye njaa ya ugali akiona sahani, anaona sahani. Mwenye upweke akiona watu, anaona hatari. Kicheko cha kule bombani anadhani kinamhusu. Salamu ikichelewa kuitikiwa anaiandika kwenye daftari la madeni. Anajikunja mapema asije akakataliwa, wenzake wakiona amejikunja wanampitia mbali, naye anajiambia, si nilijua.

Mwaka 2011 yeye na wenzake walikusanya tafiti za watu waliojaribu kuwasaidia wapweke. Wengine waliwafundisha namna ya kuongea na watu, wengine waliwaandalia mahali pa kukutana, wengine waliwatafutia watu wa kuwatembelea. Vilisaidia kidogo. Kilichoonekana kuzidi ni kumsaidia mtu akague zile tafsiri anazozipa nyuso za wenzake.

Kwa hiyo nakuuliza, na usinijibu mimi. Uliposema wanakuchunia, ni nani, lini, na alifanya nini mbele ya macho yako? Na kipi umekijaza mwenyewe usiku ukiwa kitandani? Sisemi unaota. Kama wapo wanaokuficha madaftari au kukuita majina, hilo si la kukaguliwa kichwani. Niambie, kesho yake niko kwenye basi. Na ukifika mahali hulali, huli, au unaona bora usingekuwepo, usisubiri Jumapili. Nenda kwa matroni usiku huohuo umwambie ampigie mama.

Lakini nilikaa chini ya ule mwembe saa tatu nzima, na macho yangu bado ni mazuri. Kulikuwa na msichana mrefu kwenye ngazi za bweni, amefungua kitabu, kwa muda wote ule hakufungua ukurasa. Wageni wake hawakuja. Mara mbili alitutazama. Nilipokuuliza ni nani, ukasema, "Huyo anajisikia, analala kitanda cha juu yangu, haongei na mtu."

Neno hilo, kujisikia, nimelibeba pamoja na hotipoti. Nilipoletwa hapa Mwanza kutoka Ukerewe, nina miaka kumi na miwili, nikakae kwa mama mkubwa nisome, siku ya kwanza mwalimu aliniuliza jina. Nikajibu na lafudhi yangu ya Kikerewe, darasa likacheka. Kicheko kimoja, labda cha kuhesabu moja hadi tano. Nikafunga mdomo muhula mzima. Mapumziko nilikuwa napanda juu ya mawe nyuma ya choo, naangalia meli ikiondoka kwenda Nansio, nahesabu siku. Nilijua kwa hakika kwamba darasa zima linanicheka. Mwaka juzi, Mwaloni, nanunua dagaa, mama mmoja akaacha kupima akaniita kwa jina la utotoni. Tulisoma wote. Tukakumbushana, akasema, "Wewe sisi tulikuogopa bwana. Tulijua mtoto wa Ukerewe unaringa, hutaki kuchanganyika na sisi." Kicheko chenyewe wala hakukikumbuka.

Nilitaka kucheka, ikanishinda. Nilinunua dagaa wengi kuliko nilivyopanga.

Mwanasaikolojia Erica Boothby na wenzake walichapisha mwaka 2018 tafiti kuhusu watu waliotoka kuongea kwa mara ya kwanza. Kila mmoja aliulizwa: umempendaje mwenzako, na unadhani yeye amekupendaje? Kwa kawaida watu walikisia wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli. Kundi mojawapo lilikuwa wanafunzi wapya wa chuo kikuu cha Yale, waliopangwa kuishi pamoja kama nyinyi, na kwao kosa hilo la kukisia lilidumu kwa miezi mingi. Nikawaza kitanda cha chini na kitanda cha juu, kila mmoja amelala amemaliza kuamua kwamba mwenzake hamtaki.

Sikudai upendwe na bweni zima. Jeffrey Parker na huyohuyo Asher walionyesha mwaka 1993 kwamba kukubalika na darasa na kuwa na rafiki wa karibu ni vitu viwili, na watoto wengi wasiokubalika sana darasani walikuwa na rafiki wao. Wala usitarajie iwe wiki ijayo. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas aliwahi kukadiria saa: karibu hamsini mtu wa kufahamiana ageuke rafiki wa kawaida, zaidi ya mia mbili afike kuwa wa ndani. Tena saa za kukaa pamoja kwa kazi hazina uzito wa zile za kupiga soga, kwa hiyo prepu usiihesabu sana. Hesabu za kufua, za foleni ya maji, za kusukana Jumamosi.

Basi bibi yako ananiita nizime taa, umeme wa luku umebaki kidogo. Mzigo nampa konda yuleyule, ameahidi kuufikisha getini kwa jina lako. Humo kuna sabuni mche mmoja, mafuta, michembe ya bibi yako ambayo amekataa nisiipunguze, na ndoo ndogo ya dagaa niliowakaanga na limao na pilipili, wengi kidogo. Siku ya wazazi ijayo nakuja na hotipoti lilelile.

Kijiko sijaweka. Nimekiacha makusudi. Azima kitanda cha juu.

Ni mimi mama yako.