Barua kwa wazee wenzangu: acheni kugawana vidonge vya magoti

Wazee wenzangu wa barazani na kina mama wa kikoba,

Shikamooni mlionitangulia, na wengine hamjambo.

Nawaandikia nikiwa na hasira, na sitaificha. Mwenzetu mwingine amelazwa. Alianza na kiungulia, kisha akaona choo cheusi kama lami, akaona haya kulisema, mpaka akaanguka msalani. Daktari akaomba aletewe dawa zote anazotumia. Mfukoni mlikuwa na losartani ya presha, dawa ya kukojoa, diklofenaki, ibuprofeni, na kipande cha karatasi ya daftari kilichokunjwa, ndani yake vidonge vyeupe visivyo na jina. Hivyo alipewa barazani na rafiki yake. "Hivi vilinisaidia mimi magoti, jaribu na wewe."

Aliyempa alimpenda. Ndiyo maana nawaandikia nyote, maana karibu kila mmoja wetu amewahi kutoa au kupokea karatasi ya namna hiyo.

Nisikilizeni vizuri hapa. Diklofenaki na ibuprofeni ni dawa za ukoo mmoja. Zinatuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na kemikali hizohizo ndizo zinazolinda utando wa tumbo na kusaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Ukizimeza kila siku, tumbo linaweza kuchubuka na kuvuja damu polepole, nawe usisikie maumivu yoyote mpaka damu imekwisha. Presha nayo hupanda. Ukichanganya na losartani au enalaprili, nayo ya presha, pamoja na dawa ya kukojoa, figo za mtu mzima zinaelemewa, hasa siku za joto ukiwa hunywi maji ya kutosha. Mwenzetu alikuwa akimeza zote hizo, na ndugu wawili wa ukoo ule kwa pamoja, wakati mwingine kabla hata ya chai. Halafu watu wanauliza figo zimeharibikaje, wengine wanataja husda.

Na zile unga za mitishamba zinazouzwa stendi, ambazo mtu akilamba leo kesho anatembea bila fimbo? Dawa ya mitishamba haifanyi kazi kwa kasi hiyo. Baadhi ya unga hizo zimewahi kukutwa zimechanganywa na deksamethasoni au prednisoloni, dawa kali za hospitali za kundi la steroidi. Utapata hamu ya kula, uso utanenepa, utasifiwa kuwa umerudi ujana, huku sukari inapanda na mifupa inalegea. Na ukiziacha ghafla baada ya kuzizoea, unaweza kuanguka vibaya.

Sasa mtaniuliza, tukae na maumivu? Hapana. Goti linalouma kwa kuchakaa lina matibabu, ila yanataka subira. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele mpaka goti linyooke kabisa, kaza paja, hesabu mpaka tano, shusha taratibu. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Misuli ya paja ikipata nguvu, goti hupunguziwa mzigo. Wiki ya kwanza hutaona kitu. Endelea. Mwenye kilo za ziada, hata akipunguza chache goti litashukuru. Dawa ya kuchua yenye diklofenaki ni afadhali kuliko kidonge, kwa sababu kiasi kidogo tu ndicho kinachoingia kwenye damu. Ukitaka kidonge, anza na panadoli: viwili vya miligramu 500, mara tatu kwa siku, na kwa hali yoyote visizidi vinane ndani ya saa 24. Aliye mwembamba sana, mwenye ini bovu au anayekunywa pombe aulize kwanza, apunguziwe. Na msome maboksi ya dawa za mafua, nyingi zina panadoli ndani yake.

Fimbo nayo mnaishika vibaya. Naona kila siku njiani. Goti la kulia likiuma, fimbo ishikwe mkono wa kushoto, iende mbele pamoja na mguu mbovu. Urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono ukiwa umesimama na mkono umening'inia. Aliyeshindwa kusujudu aswali kwenye kiti. Dini imetoa ruhusa, nanyi mnajinyima kwa kuogopa macho ya watu.

Mengine nayataja haraka. Ukiamka usiku, kaa kwanza kitandani miguu ikiwa chini, hesabu mpaka thelathini, ndipo usimame. Kukosa choo: papai, mboga, kunde, maji, na kutembea kidogo, mnywe maji hata kama hamna kiu, maana kiu hupungua na umri. Nta ya sikio msiichokoe kwa njiti wala ufunguo. Mafua hayahitaji amoksilini. Piritoni isiwe dawa yenu ya usingizi; mtu mzima inamchanganya akili, inambana mkojo na inamwangusha. Wanaume, mkojo ukianza kukatika-katika nendeni mkapimwe tezi dume, acheni kunong'ona. Ukungu machoni huenda ni mtoto wa jicho, naye huondolewa kwa upasuaji mfupi. Dawa ya presha haiachwi kwa sababu leo kichwa hakiumi.

Na yapo yasiyo madogo hata kidogo, ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo: choo cheusi, mdomo kwenda upande, mkono mmoja kukosa nguvu, pumzi kubana, mguu mmoja kuvimba ghafla. Kikohozi cha wiki mbili kipimwe. Na mzee aliyekuwa na akili zake jana, leo hajui yuko wapi, msimwite mganga na msiseme ni uzee. Kwa umri wetu nimonia au maambukizi ya mkojo yanaweza kuja bila homa kali, dalili pekee ikawa huko kuchanganyikiwa.

Wanangu mnaosomewa barua hii, nanyi sikilizeni. Mnatuma hela ya dawa kwa simu na kuona mmemaliza. Nani ameuliza mama anameza nini? Na ninyi vijana wa maduka ya dawa, mnafungua bahasha, mnaandika 1x3, hamuulizi kama mteja ana presha au vidonda vya tumbo. Kuuliza hakuwapunguzii mauzo. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003, inasema mzee ni mwenye miaka 60 na kuendelea na asiye na uwezo atibiwe bure. Dirisha la wazee lipo, limeandikwa vizuri. Lakini mzee anafika kwa bodaboda ya kukopa, anasubiri, anaambiwa dawa hakuna, kanunue nje. Akilalamika magoti, anajibiwa "bibi, huo ni umri." Mimi nimevaa sare ya uuguzi, na jibu hilo linaniuma. Mtu aliyefungiwa mlango huo ndiye anayerudi barazani kupokea karatasi ya daftari, na hapo siwezi kumlaumu peke yake.

Jumamosi hii baada ya alasiri nitakuwa barazani. Kila mmoja aje na dawa zake zote: za hospitali, za dukani, za mitishamba, na alizopewa na jirani. Hakuna atakayegombezwa. Tutaandika karatasi ya kila mtu, jina la dawa, ni ya nini, inamezwa saa ngapi, nani aliiandika, ili mkienda kwa daktari mumpe aisome. Msiache dawa yoyote mliyoandikiwa kabla ya siku hiyo. Kalamu ninazo. Asiyeweza kutembea amtume mjukuu aniambie, nitamfuata nyumbani.

Dada yenu, muuguzi mstaafu,
Tanga